Shajara ya mabaraza mawili: wavu wa mbu au upepo?

Agosti, mwishoni

Tumekubaliana nyumbani kwamba suala la baraza liishe kabla ya mvua. Nyumba yetu ipo Ipuli, hapa Tabora mjini, na ina mabaraza mawili. La mbele linatazama mashariki, barabarani. La nyuma linatazama magharibi, uani, penye mwembe na tangi la maji. Mke wangu anataka la nyuma lizungushiwe wavu wa mbu, kwa sababu ndiko tunakolia chakula cha jioni na ndiko watoto wanakofanyia kazi za shule. Mdogo wangu, aliyekuja likizo kutoka Mwanza, anasema tuzungushe yote mawili tumalize kazi. Mama, ambaye la mbele ndiyo makao yake tangu asubuhi, hataki hata kusikia. "Mwanangu, unataka kuniweka kwenye tenga kama kuku wa mnadani?"

Kila mmoja ana hoja, na hoja zote ni za kweli. Tabora si mahali pa kumdharau mbu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa miezi 6 hadi 59, mkoa wetu ulikutwa na asilimia 23 wenye vimelea vya malaria, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Hao ni watoto wadogo. Mimi nafundisha sekondari, na huko nako naona viti vinavyobaki wazi mwezi wa tatu na wa nne, mvua zikiwa zimejaza majaruba ya mpunga na madimbwi ya kila aina. Upande wa pili kuna joto. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashuka, mchana ndani ya nyumba ya bati hapakaliki, na baraza ndilo linalotuokoa. Tukilifunga vibaya tutakuwa tumejinyima mahali pekee penye hewa.

Nitaandika kila hatua humu, na sababu zake, ili tukigombana baadaye tugombane juu ya kilichoandikwa.

Septemba, wiki ya kwanza

Nimeanza na upepo kabla ya kugusa bei.

Watu wakizungumzia wavu na joto huyachanganya mambo mawili. Joto la barazani linatoka kwenye jua na kwenye bati lililo juu ya kichwa. Wavu hauleti joto. Unachofanya ni kuupunguzia upepo mwendo. Lakini mwili wa mtu unapoa pale jasho linapokauka, na jasho hukaushwa na hewa inayotembea. Ndiyo maana kipimajoto kinaweza kusoma karibu namba ileile ndani na nje ya wavu, na bado aliyekaa ndani akalalamika kwamba anaungua. Analalamika kwa haki. Hewa imesimama.

Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini mashariki. Baraza la mbele linaupokea wote. Baraza la nyuma lipo kisogoni mwa nyumba, upepo haulifikii moja kwa moja, na kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia hadi ukutani. Kwa maneno mengine, baraza tunalotaka kulifunga ndilo lenye upepo mdogo na jua kali. Hilo lingetosha kumkatisha mtu tamaa, na mdogo wangu alishaanza kusema heri tufunge la mbele.

Nikanunua kipande cha wavu, tukakipigilia kwenye fremu ya dirisha la zamani, nikawasha kijiti cha udi. Tulianzia mlango wa nyuma wa korido, milango yote miwili ikiwa wazi. Moshi ulikuwa unalala kabisa, unatoka koridoni unakimbilia uani. Nilipouwekea wavu mbele, ulifika kwenye nyuzi ukasita, ukatanuka, kisha ukapenya upande wa pili ukiwa mpana na wa polepole. Ulipenya, hilo ndilo la maana. Kisha tukafunga mlango wa mbele, korido ikawa haina pa kuvutia hewa, tukarudia. Sasa moshi ulipanda wima, ukaambaa na wavu kwenda juu, na ni kidogo sana kilichovuka. Watoto waliokuwa wanashangilia jaribio wakanyamaza, maana jibu lilionekana kwa macho.

Upepo ukiwa na nguvu, wavu unakula kidogo tu. Upepo ukiwa dhaifu, wavu unakula karibu wote. Na baraza la nyuma linapumua kupitia korido. Kama tukilizungushia wavu huku mlango wa mbele unafungwa kila jioni kwa kuogopa mbu, tutakuwa tumejenga joko. Kwa hiyo kazi imeongezeka: mlango wa mbele wa korido nao upate mlango wa pili wa wavu, ili mlango wa mbao ubaki wazi hadi tunapokwenda kulala.

Septemba, katikati

Duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu lina aina nne, na muuza duka alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki.

Kuna ule wa plastiki wa kijani au bluu, wa bei ya chini. Nauona kwenye nyumba nyingi: mwaka wa kwanza umenyooka, baadaye umelegea, jua likishaupika unakatika ukiugusa. Kuna waya wa chuma uliopakwa zinki, mgumu, lakini mvua ikiupiga mfululizo unaanza kutu kwenye misumari na kutu inashuka ukutani. Kuna wa alminiamu, haushiki kutu, ila ukigongwa na mpira unabaki na shimo la kubonyea daima. Na kuna wa faibaglasi, laini kama kitambaa, haushiki kutu wala kubonyea. Adui zake ni paka, cheche za moto na mtoto mwenye kalamu.

Nilikwenda na rula. Kwenye wavu wa faibaglasi nilihesabu matundu 18 kwa inchi moja upande mmoja na 16 upande mwingine, yaani matundu 288 katika inchi moja ya mraba. Chandarua cha kawaida kina 156, na kinamzuia mbu vizuri. Kwa nini basi usichukue wenye matundu makubwa kama ya chandarua upate hewa zaidi? Kwa sababu barazani wavu unavutwa, unasukumwa, tundu moja linatanuka na jirani yake linabana. Nafasi ya ziada ni ya usalama. Na kinachoamua hewa si idadi ya matundu pekee, ni unene wa uzi. Uzi wa wavu ule ni kama robo ya milimita na kidogo. Ukipiga hesabu, karibu theluthi mbili ya eneo lake ni uwazi mtupu. Wavu wenye matundu yaleyale lakini uzi mnene unaweza kubaki na nusu. Usimwulize muuzaji jina la wavu. Uinue juani, utazame kivuli chake sakafuni.

Kingine ambacho sikukitegemea ni rangi. Nilishika mweupe na mweusi, nikatazama barabarani kupitia kila mmoja. Mweupe unang'aa jua likiupiga, unaona wavu kabla ya kuona mtu. Mweusi unapotea machoni, unamwona anayepita hadi maua ya kanga yake. Kwa Mama hilo ni jambo kubwa, hata kama ni baraza la nyuma, kwa sababu huko nako anapenda kuwaona wajukuu wakicheza chini ya mwembe. Tumechukua mweusi.

Septemba, mwishoni

Baraza la mbele litabaki wazi. Nimeliamua hili baada ya kukaa na Mama pale siku kadhaa, nikitazama linavyofanya kazi.

Asubuhi anachagua mchele, na kila anayepita anasimama. "Mwangaluka!" anaitikia salamu hiyo ya asubuhi ya Kinyamwezi hata kabla hajamtambua mtu. Saa nne wanakuja wasichana wa mtaani kusukana. Alasiri Babu jirani anakuja na bao lake, anaweka fimbo ukutani, hakuna hodi wala karibu, ni kukaa tu. Fundi cherehani akikosa uzi anamtuma mtoto kwa Mama. Habari za msiba, za kikoba, za ng'ombe aliyepotea, zote zinafikia pale kwanza. Mtu akishaona mlango wa wavu, hata ukiwa hauna komeo, anabaki barabarani. Anasalimia kwa mbali na kupita. Ukimwuliza kwa nini hakuingia atasema aliona kama mna shughuli zenu.

Nilimwambia mdogo wangu: mbu wa malaria kwa sehemu kubwa wanauma usiku, hasa watu wakiwa wamelala, ingawa wapo wanaoanza mapema jioni watu wakiwa bado nje. Saa ambazo baraza la mbele limejaa watu ni saa za jua. Kulizungushia wavu ni kulipa gharama kubwa, ya fedha na ya ujirani, kwa kinga ya saa ambazo hatari yake ni ndogo. Giza likiingia, watu wa nyumba hii wanahamia nyuma. Babu naye akitaka kuendelea na bao, anakaribishwa nyuma.

Amekubali, ila kwa shingo upande. Mama amekubali kwa kicheko.

Bado kulikuwa na swali la fedha. Zilizopo hazitoshi baraza la nyuma na madirisha yote kwa pamoja, maana madirisha mawili ya vyumba vya watoto yana wavu uliochanika. Hapo sikutaka mjadala. Vyumba kwanza. Mwaka 1900 huko Italia, mwanasayansi Giovanni Battista Grassi aliwaweka watu 112 katika uwanda wa Capaccio, eneo la malaria na reli, wakakingwa wasiumwe na mbu kuanzia machweo hadi mapambazuko. Waliougua walikuwa 5. Watu 415 ambao hawakukingwa waliugua wote. Na si ya kale tu: jaribio lililofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 lilikuta kwamba nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango na madirisha, na kuzibwa mwanya wa juu wa ukuta, zilikuwa na mbu chini ya nusu ya nyumba zisizofanyiwa hivyo, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 badala ya 19. Hayo yote yamepatikana mahali watu wanapolala. Baraza ni nyongeza. Ni nyongeza nzuri, lakini mtu asije akafunga baraza likapendeza huku chumba cha mtoto kina tundu la kupitisha ngumi.

Madirisha mawili yamekwisha kubadilishwa wiki hii. Na vyandarua vinabaki palepale.

Oktoba, mwanzoni

Jua kwanza, wavu baadaye. Bati la baraza la nyuma lilikuwa tupu, na mchana ukiinua mkono karibu nalo unasikia joto linakushukia. Tumepiga dari ya siling bodi chini ya kenchi, tukaacha nafasi pembezoni ili hewa ya moto iliyobanwa juu itoke. Nafasi hiyo nayo itafunikwa wavu. Upande wa magharibi tumeongeza bati kwenda nje karibu mita moja, na chini yake tutaning'iniza mikeka ya kukunja, ishushwe saa tisa na kukunjwa jua likizama. Mwembe unasaidia upande wa kusini. Gharama ya dari imemuumiza mke wangu, lakini baada ya siku chache yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhamishia meza yake huko mchana.

Nawasihi wanaofikiria kazi kama hii: kama baraza lako halikaliki mchana likiwa wazi, halitakalika likiwa na wavu. Tafuta kivuli kwanza.

Oktoba, katikati

Fundi seremala amekuja. Ni kijana wa Kanyenye, mtulivu, ana randa aliyorithi. Swali lake la kwanza lilikuwa zuri: "Mwalimu, huu wavu mtaufua vipi?"

Vumbi la Tabora mwezi huu ni jekundu na laini, linashika kwenye nyuzi, na matundu yakiziba ile theluthi mbili ya uwazi inakuwa hadithi. Kwa hiyo hatukupigilia wavu moja kwa moja kwenye nguzo. Ametengeneza fremu zinazotoka, kila moja ya ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kuibeba, zimeshikwa na vibao vidogo vya kugeuza kwa kidole. Unageuza vibao, unaitoa fremu, unailaza chini ya bomba na kuipitisha brashi laini na maji ya sabuni.

Mbao zilizua ubishi. Mpaini ni wa bei nafuu, umenyooka, unapatikana popote. Lakini uwanja wetu una mchwa, na mchwa wa Tabora haulizi mtu. Fundi alinionyesha kipande cha mpaini kutoka kibanda cha jirani: nje rangi ya mafuta ilikuwa safi, ndani palikuwa udongo mtupu. Tumechagua mninga kwa nguzo za fremu na kizingiti, na mpaini uliopakwa dawa kwa fremu za juu ambazo hazigusi ukuta wa chini wala udongo. Nguzo hazikuchimbiwa ardhini. Zimekaa juu ya ukuta mfupi wa tofali za kuchoma, wenye urefu wa kufika gotini na kidogo. Ukuta huo una kazi nyingine mbili: kuzuia maji ya mvua yasiruke kwenye wavu, na kuwazuia kuku na mbuzi. Mdogo wangu alitaka ukuta ufike kifuani ili tuokoe wavu. Nilikataa. Aliyekaa kwenye kiti anahitaji hewa ipite usawa wa kifua chake. Ukuta mrefu unapeleka upepo juu ya kichwa.

Nilikaa kumtazama akivuta wavu. Hakuanzia pembeni. Alitandaza fremu juu ya meza, akaulaza wavu, akapiga pini moja katikati ya upande wa juu. Akahamia katikati ya upande wa chini, akauvuta kwa kiganja chote, si kwa vidole, akapiga nyingine. Kisha katikati kushoto, katikati kulia. Baada ya hapo alikwenda akipishana pande, pini kwa pini, kutoka katikati kuelekea pembe, na pembe zikawa za mwisho. Kila mara alikuwa anainama na kutazama mistari ya nyuzi kama imenyooka sambamba na ubao. "Ukianza na pembe," alisema, "mkunjo unakwama katikati, huutoi tena." Juu ya pini akapigilia fito nyembamba zilizopigwa randa, ndipo akakata wavu uliozidi kwa kisu. Ukiupiga kwa kidole unatoa sauti.

Mlango ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote. Unafunguka kwa nje, ili mbu waliotulia juu ya wavu wasukumwe nje mtu anapofungua, badala ya kuingizwa naye. Una spiringi ya kuurudisha wenyewe, maana hakuna mtoto anayekumbuka kufunga mlango. Chini yake fundi ameuwekea ukanda wa tyubu ya baiskeli unaogusa kizingiti. Pale juu, ukuta unapokutana na bati, alipanda ngazi na tochi, akaziba kila mwanya kwa vipande vya wavu, na kwenye migongo ya bati alisokota vipande na kuvishindilia. Wengi huishia usawa wa macho. Mbu wa malaria akikutana na ukuta huruka kwenda juu, na mwanya wa chini ya paa ndiyo njia yake ya kale ya kuingia ndani ya nyumba.

Mlango wa wavu wa mbele ya korido umetengenezwa kwa mtindo huohuo.

Jiko la mkaa limehamishwa. Zamani lilikuwa pembeni mwa baraza la nyuma. Mke wangu alitaka libaki ili asitoke nje usiku, tukazungumza: moshi na mafuta vitaganda kwenye wavu, cheche itautoboa, na wingi wa hewa chafu ya mkaa hautaki mahali palipozibwa hata kwa wavu. Tumemjengea kibanda cha bati hatua chache kutoka mlangoni, na taa yake.

Oktoba, mwishoni

Kazi imekamilika na joto liko kileleni, kwa hiyo huu ndio wakati wa haki wa kuijaribu. Saa nane mchana, mikeka ikiwa imeshushwa na korido wazi mbele na nyuma, pale ndani panakalika. Kipimajoto cha ndani na cha nje ya wavu, vyote kivulini, vinapishana kama nyuzi moja hivi. Upepo unasikika mwilini, ila ni mpole kuliko wa baraza la mbele. Sitamdanganya mtu kwamba ni sawa. Siku isiyo na upepo kabisa, na Oktoba zipo, mtu akitaka hewa anakwenda mbele kwa Mama au anawasha feni. Feni ina faida ya pili: mbu ni mrukaji dhaifu, hawezi kutua mahali hewa inapokimbia.

Umeme ukikatika, tunajua pa kwenda.

Novemba

Mvua ya kwanza ilishuka alasiri, na usiku wake kumbikumbi walitoka ardhini. Kila aliyekulia huku anajua usiku huo: taa moja ikiwashwa, wali umejaa mbawa. Safari hii walijaa juu ya wavu kwa nje, tabaka juu ya tabaka, na ndani tulimaliza kula tukiwa tunaonana. Watoto hawakukubali kupoteza kitoweo. Bibi yao aliwatoa nje na beseni la maji, wakaliweka chini ya taa ya kibanda cha jiko, na asubuhi nyumba nzima ilinukia kumbikumbi waliokaangwa.

Siku iliyofuata nilibadilisha taa ya barazani. Ya mwanzo ilikuwa nyeupe yenye ubluu, aina inayoita wadudu wengi zaidi. Nimeweka ya rangi ya manjano. Tofauti inaonekana: wanaokusanyika kwenye wavu wamepungua, na wavu ukiwa na wadudu wachache unapitisha hewa zaidi.

Januari

Mlango wa nyuma umevimba kwa unyevu na kuanza kushika kizingiti. Spiringi ikashindwa kuurudisha, ukawa unabaki wazi upana wa vidole viwili. Kwa mlango wa wavu huo ni mlango uliofunguliwa. Fundi alikuja, akaupiga randa ukingo wa chini, akaupaka rangi ya mafuta pale penye ubao mbichi, akasogeza bawaba ya juu. Anasema milango yote ya mbao hufanya hivyo mwaka wa kwanza wa mvua, ndiyo maana aliacha ubao wa ziada wa kupunguza.

Ukuta mfupi ninaukagua kila wiki. Mchwa walijenga njia moja ya udongo kutoka ardhini kupandia nguzo ya kusini. Niliikwangua na kumwaga dawa chini. Ukuta ukiwa wazi na mweupe, njia ya mchwa huonekana mapema.

Machi

Huu ndio mwezi wa kuujua ukweli. Majaruba yamejaa, vyura wanakesha, na mbu ni wengi uani kuliko wakati wowote. Ndani ya baraza anaingia mmoja mmoja, hasa watoto wanapotoka na kurudi. Mke wangu huwasaka kwa tochi pembeni mwa dari kabla ya chakula. Kilichobadilika zaidi ni saa. Zamani saa moja na nusu kila mtu alikuwa ameingia chumbani, milango imefungwa, jasho linatiririka. Sasa tunakaa hadi saa tatu, vitabu vimefunguliwa mezani, na nyumba inapoa kupitia korido huku tukizungumza. Nyumba nzima imefaidika na ile milango miwili ya wavu kuliko nilivyotegemea. Kama fedha zingetosha kitu kimoja tu baada ya madirisha ya vyumba, ningeweka milango miwili kama hiyo, kila mwisho wa korido, na kuliacha baraza lisubiri mwaka mwingine.

Fremu zimefuliwa mara moja tangu vumbi liishe. Kuanzia Juni zitahitaji kufuliwa kila mwezi. Fremu iliyo karibu na mwembe imetobolewa na paka. Fundi ameshona kiraka cha wavu uleule kwa uzi wa kuvulia samaki, na sehemu ya chini ya fremu hiyo ataiongezea waya mgumu kwa nje.

Mama yupo mbele kama kawaida. Magharibi ikiadhiniwa anakunja mkeka wake, anapita koridoni, na anayekuwa amekaa naye anapita pamoja naye hadi nyuma. Babu jirani ndiye mgeni wa kudumu. Juzi aliweka kete chini akaugusa wavu kwa ncha ya kidole, akaniuliza bei ya mita. Nikamwuliza anataka kufunga baraza lake? Akasema la, baraza lake liachwe, anataka madirisha. Kuna wajukuu wanne wanalala chumba kimoja na chandarua kimoja kimechakaa. Nilimwambia chandarua kipya kisingoje madirisha, aulizie kituo cha afya. Fundi atakwenda kupima Jumamosi, na nimemwomba achukue wavu uleule mweusi, aanze na chumba hicho, kisha apande ngazi akaangalie mwanya wa juu.